Fundi Akianguka Nyumbani Kwako: Mwongozo Kamili wa Wajibu wa Kisheria Wakati wa Ukarabati Jijini Nairobi

Ngazi ilikuwa ya mbao, na miguu yake yote miwili ilisimama juu ya vigae vya varanda vilivyokuwa vimelowa maji ya plasta. Chini ya mguu wa kushoto mtu alikuwa ameingiza kipande cha tofali ili ngazi isiyumbe. Fundi wa rangi alikuwa juu kabisa, karibu na mfereji wa paa wa nyumba ya jirani yangu huko Buruburu, tofali lilipoteleza. Akaanguka na kuvunjika mkono na nyonga. Kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana, ubishi ulikuwa umekwisha kuanza pale pale uani. Mwenye nyumba alisema kwamba fundi ni wa mkandarasi, naye mkandarasi akasema kwamba kandarasi yake ilikwisha wiki iliyopita na kwamba siku hiyo fundi alikuwa anafanya kazi ya mwenye nyumba. Ubishi huo ulimalizwa na ujumbe wa M-Pesa uliokuwa kwenye simu ya fundi: kwa siku nne mfululizo, pesa zilikuwa zimetoka kwa mwenye nyumba moja kwa moja, kila jioni, kiasi kile kile.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya majeruhi yule, ambaye alilala wodini bila kujua nani angelipa, na pia kwa sababu ya jirani yangu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila hakujua kwamba alikuwa amekuwa mwajiri. Wengi wetu hudhani kwamba sheria itauliza nyumba ni ya nani. Sheria ya Kenya huuliza maswali mawili tofauti, yaani nani alikuwa mwajiri wa aliyeumia, na nani alikuwa na mamlaka juu ya mahali alipoumia, na majibu ya maswali hayo hutengenezwa siku ya kuajiri na siku ya kulipa, si siku ya ajali.

Hatua ya kwanza: jua kama wewe ni mwajiri au mteja

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nakuomba usipite haraka.

Mkandarasi wa kujitegemea ni mtu unayekubaliana naye kuhusu matokeo: choo kipya chenye vigae, kwa bei fulani, kufikia tarehe fulani. Huleta vifaa vyake, huchagua vibarua wake, huwalipa mwenyewe, na huamua kazi itaanzia wapi. Mwajiriwa ni mtu unayemwambia afanye nini, saa ngapi na kwa namna gani, ukamlipa kwa muda wake. Mahakama hutazama uhusiano wenyewe ulivyokuwa, wala haitosheki na jina mliloupa. Karatasi inayosema “mkandarasi” haitakuokoa ikiwa kila asubuhi ulikuwa unampa fundi koleo lako, unamwonyesha ukuta wa kubomoa, na jioni unamtumia shilingi 1,500.

Namna ya kuajiri iliyozoeleka zaidi katika mitaa yetu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mwenye nyumba. Unanunua sementi, mchanga na kokoto mwenyewe, unamwita fundi unayemfahamu, fundi anakuja na vibarua wawili aliowapata njiani, na wewe unawalipa wote watatu kwa siku. Unaona kwamba umeokoa faida ya mkandarasi, na ni kweli umeokoa, lakini umejitwika pia wajibu ambao mkandarasi angeubeba. Kibarua anayelipwa kwa siku ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua huyo, na mkataba wake hauhitaji kuandikwa ili uwe mkataba.

Msaidizi wako wa nyumbani naye ni mwajiriwa wako bila ubishi wowote. Akiteleza kwenye vumbi la vigae vilivyokatwa sebuleni wakati anawapelekea mafundi chai, ajali hiyo imetokea akiwa kazini kwako, hata kama vumbi limeletwa na mtu mwingine.

Hatua ya pili: elewa mzigo wa mwajiri

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA kwa kifupi chake, inamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi anayeumia akiwa kazini, na majeruhi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa na kosa. Jambo hili huwashangaza watu. Fundi aliyeanguka kwa uzembe wake wa kawaida, kwa mfano kwa kunyosha mkono mbali kupita kiasi, bado anastahili fidia. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa makusudi, na hata hapo ulemavu mkubwa au kifo hutazamwa kwa namna tofauti.

Mwajiri hulipia huduma ya kwanza, usafiri wa kumfikisha hospitali na matibabu yanayohitajika. Ikiwa majeruhi atashindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, hulipwa mapato yake kwa kipindi hicho, hadi miezi 12. Ulemavu wa kudumu na kifo huhesabiwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Tuchukue fundi anayepata shilingi 1,000 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mapato yake ya mwezi ni shilingi 26,000, na miezi 96 inatufikisha shilingi 2,496,000. Daktari akipima ulemavu wa asilimia 20, fidia ni karibu shilingi 499,200, mbali na gharama ya hospitali. Ukarabati wa jikoni uliopangiwa shilingi 300,000 unaweza kumwachia mwenye nyumba deni kubwa kuliko kazi yenyewe.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya majeraha hayo. Inaweka pia mpaka: mwajiriwa hufuata njia ya fidia iliyowekwa na sheria hiyo badala ya kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa uzembe. Uhalali wa utaratibu huu ulipingwa kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipouthibitisha mwezi Desemba mwaka 2019. Ila mpaka huo unamkinga mwajiri peke yake. Kibarua wa mkandarasi anaweza kulipwa na mkandarasi chini ya WIBA na bado akamshtaki mwenye nyumba, kama mtu wa tatu, ikiwa uzembe wa mwenye nyumba ndio uliosababisha jeraha.

Kuna maandishi ambayo baadhi ya wenye nyumba huwatia mafundi sahihi, yasemayo kwamba fundi “anafanya kazi kwa hatari yake mwenyewe”. Usiyategemee. Haki ya mwajiriwa ya kupata mafao hayo haiondolewi kwa makubaliano, na kumwekea mtu mwenye njaa karatasi ya namna hiyo si jambo la kiungwana.

Hatua ya tatu: elewa wajibu wa mwenye mahali

Hata pale ambapo wewe si mwajiri, unabaki kuwa mkaaji wa mahali hapo. Sheria ya Wajibu wa Wakaaji, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inamtaka kila mwenye mamlaka juu ya jengo achukue tahadhari ya kawaida ili mgeni aliyeingia kwa ruhusa awe salama kwa kiasi cha busara. Mkandarasi, kibarua wake, mleta vigae kwa bodaboda, shangazi aliyekuja kukusalimu na fundi wa maji ni wageni kwa maana hiyo ya sheria.

Fundi anatarajiwa kuzijua na kujilinda dhidi ya hatari za kawaida za kazi yake. Fundi wa umeme hawezi kukulaumu kwa sababu tu umeme ni hatari. Lakini hatarajiwi kujua usichomwambia. Ikiwa unafahamu kwamba boriti za dari zimeliwa na mchwa, kwamba kuna waya uliofukiwa ukutani na mpangaji wa zamani bila kupitia swichi kuu, au kwamba kifuniko cha tanki la maji taka nyuma ya nyumba kimepasuka na kufunikwa na nyasi, wajibu wa kusema ni wako. Mwambie kabla hajaanza, umwonyeshe mahali penyewe kwa mkono, kisha umtumie ujumbe wa simu unaorudia mliyoyasema, maana ujumbe huo hubaki na tarehe yake. Onyo huhesabika pale tu linapotosha kumfanya mtu awe salama. Kubandika karatasi ya “HATARI” mlangoni na kuacha shimo wazi kwenye njia pekee ya kuingilia hakutoshi.

Watoto wana nafasi yao katika sheria hii. Mkaaji anapaswa kutarajia kwamba mtoto hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima. Lundo la mchanga nje ya geti huko Umoja au Kayole ni uwanja wa michezo kwa watoto wa mtaa mzima, na nondo zilizochomoza kandokando yake ni ajali inayosubiri. Zungushia uzio, funika shimo kwa mbao zilizogongomelewa, na usiache ngazi imeegemezwa ukutani usiku.

Sheria inamwondolea mkaaji lawama kwa kosa lililofanywa na mkandarasi wa kujitegemea, kwa masharti: ilikuwa busara kumkabidhi kazi hiyo, na mkaaji alichukua hatua za busara kuhakikisha kwamba mkandarasi ana ujuzi na kwamba kazi ilifanywa ipasavyo. Kwa hiyo hatua inayofuata ndiyo ngao yako.

Hatua ya nne: chunguza, andika, na uthibitishe bima

Uliza jina kamili na nambari ya usajili ya mkandarasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huwasajili wakandarasi katika ngazi 8, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na pia huwaidhinisha mafundi. Rejista yake inaweza kuangaliwa na mtu yeyote. Fundi wa umeme anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Omba kuiona, na uangalie tarehe ya mwisho. Kwa paa la asbesto, ambalo bado lipo kwenye baadhi ya nyumba za zamani jijini, usikubali vibarua walipasue kwa nyundo: vumbi lake huumiza mapafu miaka mingi baadaye, na uondoaji wake unahitaji watu walioidhinishwa na mamlaka ya mazingira, NEMA.

Kisha omba cheti cha bima. Hapa napendekeza uwe mkaidi. Bima ya WIBA ya mkandarasi inahusu wafanyakazi wake. Bima ya dhima kwa umma inahusu jirani, mpita njia na mgeni. Na ile ya hatari zote za mkandarasi hukinga kazi yenyewe, na mara nyingi huongezewa dhima kwa watu wengine. Soma tarehe, kiwango cha juu cha malipo na mahali panapotajwa, kisha uipigie simu kampuni ya bima yenyewe na kuuliza kama hati hiyo ingali hai, kwa kuwa cheti kilichochapishwa mwaka jana huenda malipo yake yalikoma mwezi wa pili. Ikiwa una bima ya nyumba, mwarifu wakala wako kwamba unakarabati. Hati nyingi za bima humtaka mwenye mali atangaze mabadiliko ya namna hiyo, na kunyamaza kunaweza kuwapa sababu ya kukataa dai.

Ikiwa umeamua kuajiri vibarua mwenyewe, nenda kwa wakala ukaulize bima ya WIBA ya muda mfupi kwa idadi ya watu ulio nao. Ni jambo la heshima kwa watu hao.

Mkataba hauhitaji lugha ya mahakama. Ukurasa mmoja wa Kiswahili safi unatosha, mradi useme kazi ni ipi na inaishia wapi, nani anawaajiri na kuwalipa vibarua, nani analeta ngazi, jukwaa na vifaa vya kujikinga, nani ana bima na nambari yake, na nani anasimamia usalama kila siku. Andika pia kwamba kazi yoyote ya ziada itakubaliwa kwa maandishi kabla haijaanza. Kifungu hicho cha mwisho ndicho ambacho jirani yangu hakuwa nacho: kandarasi ilikwisha, akamwomba fundi “amalizie kidogo” kule juu, na katika sentensi hiyo moja akawa mwajiri. Baada ya kutia sahihi, uishi kulingana na mkataba. Mlipe mkandarasi, usiwalipe vibarua wake, na ukiona kosa mwambie mkandarasi au nyapara wake badala ya kuwaamuru watu moja kwa moja.

Vibali vya kaunti nitavitaja kwa ufupi. Ukarabati unaogusa muundo wa jengo, kama kubomoa ukuta unaobeba uzito au kuongeza ghorofa, unahitaji idhini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kukosa kibali hakukufanyi uwajibike kwa jeraha moja kwa moja, lakini kutampa wakili wa upande wa pili jambo la kwanza la kumwonyesha hakimu.

Hatua ya tano: linda mahali kila siku

Ngazi isimame kwa mwinamo wa moja kwa nne: ikiwa inagusa ukuta kwa kimo cha mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, juu ya sakafu kavu, bila tofali chini yake. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya ukuta kuchimbwa. Mtu asiingie kwenye tanki la maji taka kwa sababu yoyote bila wataalamu na vifaa vyao. Gesi iliyomo humwangusha wa kwanza, kisha humwangusha anayeingia kumwokoa, na hivyo ndivyo familia hupoteza watu wawili kwa dakika chache. Katika maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama South C na Embakasi, kingo za shimo hulegea baada ya mvua, hivyo usiruhusu mtu ashuke kabla hazijakaguliwa na kuegemezwa.

Piga picha kila asubuhi, na uziweke mahali ambapo hazitafutika simu ikipotea.

Unayekaa katika fleti unapaswa kutenganisha sehemu yako na sehemu za pamoja. Ndani ya mlango wako, wewe uliyeamua kukarabati ndiye mkaaji, hata kama ni mpangaji. Ngazi za jengo, lifti na maegesho kwa kawaida viko chini ya mwenye jengo au kampuni ya usimamizi, lakini mifuko ya kifusi uliyoiacha kwenye ngazi usiku ni yako, na atakayejikwaa nayo atakujia wewe.

Hatua ya sita: ajali ikitokea

Mtu kwanza. Usimwinue aliyeanguka kutoka juu ikiwa analalamika shingo au mgongo; mwache alale, mfunike, piga simu ya gari la wagonjwa. Umeme ukiwa chanzo, zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Usimwache aende hospitali peke yake. Nimewasikia watu wakishauri kwamba kumlipia majeruhi hospitali ni kukiri kosa, na ushauri huo umewagharimu wengine maisha. Lipa, weka risiti, na kwenye ujumbe wowote andika kwamba umelipia matibabu, bila kuandika habari za nani mwenye kosa.

Mahali paachwe kama palivyo hadi pamepigwa picha. Andika majina na nambari za walioshuhudia siku hiyo hiyo, maana vibarua huhama mjengo hadi mjengo na baada ya wiki mbili huwapati. Pata jina la hospitali na nakala ya maelezo ya daktari.

Mwajiri anapaswa kuiarifu Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu alipopata habari ya ajali, na kifo kiarifiwe ndani ya saa 24, na polisi nao wajulishwe. Kampuni ya bima iarifiwe mara moja kwa maandishi. Usikubali kosa wala kuahidi kiasi cha pesa kabla haijajibu, kwa sababu ahadi hiyo huenda ikabaki kuwa yako peke yako.

Hatua ya saba: kudai na kumaliza

Aliyeumia akiwa mwajiriwa anapaswa kuwasilisha dai lake la WIBA ndani ya miezi 12 tangu ajali, na mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulilipa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa ile Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, na baada ya jibu la pingamizi ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Mgeni, jirani au mpita njia hufuata njia ya kesi ya uzembe, na muda wake ni miaka 3 tangu alipoumia. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo Milimani na ina mamlaka ya kusikiliza madai ya majeraha ya mwili. Hapo mtu anaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na kesi hutarajiwa kumalizika ndani ya siku 60. Hakimu anaweza kugawanya lawama. Mgeni aliyepita kamba ya onyo akijua anaweza kupunguziwa fidia kwa asilimia inayolingana na kosa lake, na hivyo picha ya ile kamba, iliyopigwa asubuhi hiyo, huwa na thamani ya fedha taslimu. Kwa jeraha kubwa, tafuta wakili kabla ya kutia sahihi chochote, uwe ni majeruhi au mwenye nyumba.

Mkipatana nje ya mahakama, patano liandikwe, litaje ajali, tarehe na kiasi, lisomwe kwa sauti katika lugha ambayo majeruhi anaielewa vizuri, na lishuhudiwe na mtu aliyemleta yeye mwenyewe. Malipo yapitie benki au M-Pesa. Kisha weka mkataba, picha, cheti cha bima, risiti za hospitali na patano hilo katika faili moja, ulitunze kwa miaka 6, ambao ndio muda wa mtu kudai kwa msingi wa mkataba.